Ile hela tuma kwenye namba hii

"Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja Fulani." Karibu kila mwenye laini Tanzania ameshaipokea, na Kenya yupo dada yake: "Ile pesa tuma kwa hii namba." Watu huicheka, huipiga picha ya skrini, huirusha kwenye kundi la familia. Kwa anayefundisha usalama wa taarifa sijui kisa kizuri kuliko hiki cha kufungulia muhula. Na kama somo lenyewe ni akili mnemba (wengine husema akili unde) inayomtanguliza binadamu, meseji hii moja inatosha wiki zote kumi na nne.

Isome polepole. Neno la kwanza ni "ile". Si hela tu, ni ile hela: anayeandika anakurudisha kwenye jambo ambalo nyote wawili mnalijua. Hakuna salamu, maana anayefuatilia chake hasalimii mara ya pili. Hakuna kiasi, kwa kuwa mwenye kudaiwa anakijua. Ikitumwa kwa watu elfu, wengi haiwahusu. Lakini hakosekani ambaye asubuhi hiyo hiyo amemwahidi fundi hela ya mabati, au mwenye nyumba kodi, au mdogo wake ada. Kwake yeye "ile" imepata pa kukaa.

Halafu tazama mwisho wa meseji. Mitandao ya pesa iliweka ulinzi mzuri sana: kabla muamala haujakamilika, simu inakuonyesha jina la mpokeaji. Kenya, Safaricom waliuita Hakikisha. Tapeli ameupita ulinzi huo kwa maneno mawili, "jina litakuja". Amekuambia mapema kwamba jina utakaloliona silo unalolitarajia. Likitokea kama alivyosema, uhakiki uliowekwa ili ushtuke unakutuliza. Hakuna aliyedukua kitu. Mfumo umefanya kazi yake barabara, na hela imekwenda.

Mwanafunzi wa kompyuta akipewa kisa hiki, kitu cha kwanza atakachosema ni "tutengeneze modeli ya kuzikamata". Anashusha data kutoka mtandaoni, anaifundisha modeli jioni moja, anarudi na usahihi wa asilimia 99 na grafu ya rangi. Ushauri wangu kwa mwalimu ni kuzuia msimbo wowote wa modeli kwa wiki nne za mwanzo. Watanuna. Waache wanune.

Wiki hizo ni za kutafuta meseji na kuzielewa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Meseji ya simu ni taarifa binafsi, tena ya watu wawili: aliyeipokea na aliyetajwa ndani yake. Mpokeaji akikupa ridhaa, huyo mwingine hajakupa. Kwa hiyo majina, namba na viasi huondolewa hapo hapo kwenye simu ya mwenyewe, kabla hajakukabidhi, na mahali pake huwekwa alama kama JINA, NAMBA, KIASI. Kibali cha utafiti nacho kina mlango wake, kamati ya maadili ya chuo kwanza, kisha tume ya taifa ya sayansi, COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya, pale kazi inapohitaji. Kikianza kutafutwa wiki ya saba, muhula umeshakwisha.

Kuondoa majina kwa programu kunaonekana kazi ndogo mpaka uifanye kwa Kiswahili. Neema, Baraka, Amani, Furaha, Subira, Zawadi: haya ni majina ya watu, na ni maneno ya kila siku. Katika meseji hakuna anayejali herufi kubwa. "mungu akupe baraka" na "mpe baraka elfu kumi" zinaushinda mchujo wa orodha ya majina, ambao ama utaacha jina la mtu wazi, ama utafuta dua. Programu zilizofunzwa kutambua majina kwenye habari za magazeti nazo huteleza hapa, kwa sababu gazeti limefuata kanuni za uandishi na meseji haijafuata yoyote. Meseji 500 zisomwe na macho. Ni kazi ya siku mbili kwa watu wawili, na hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

Jambo jingine la kukataza siku ya kwanza, na kuliandika ubaoni, ni kubandika meseji za watu kwenye huduma yoyote ya gumzo la akili mnemba ili "isaidie kuzipanga". Mtu aliridhia data yake ikae kwenye kompyuta ya chuo. Hakuridhia isafiri.

Kisha kupachika lebo. Watu wawili wanasoma meseji zile zile kila mmoja peke yake na kuandika UTAPELI au HALALI. Tuseme kati ya 500, wote wawili wameita 60 utapeli na 410 halali, na zilizobaki 30 wametofautiana, 15 kila upande. Wamekubaliana kwa asilimia 94, na darasa zima litafurahi. Kappa ya Cohen, hesabu inayoondoa makubaliano ya kubahatisha, inapoza furaha hiyo. Kila mmoja ameita utapeli meseji 75, yaani asilimia 15, hivyo hata kwa kubahatisha wangekubaliana 0.15 × 0.15 + 0.85 × 0.85 = 0.745. Kappa ni (0.94 − 0.745) ÷ (1 − 0.745), yaani karibu 0.76. Si mbaya, ila si 94.

Lakini dhahabu imo kwenye zile 30. Zisomwe darasani kwa sauti, moja moja. Nyingi zitakuwa za namna ya "ile hela". Mwanafunzi mmoja atasema huu ni utapeli, unajulikana nchi nzima. Mwingine atasema hapana, mwenye nyumba wangu huniandikia hivi hivi, laini yake ya kawaida ikijaa. Wote wawili wako sahihi. Meseji ileile, herufi kwa herufi, ni halali kwa mpokeaji mmoja na ni wizi kwa mwingine. Kinachozitofautisha hakimo kwenye maandishi. Kimo kichwani mwa mpokeaji: namdai nani, nadaiwa na nani, na huyu ana namba gani.

Hapo somo linageuka. Kama jibu halimo kwenye maandishi, hakuna modeli ya maandishi itakayolitoa, iwe ndogo au kubwa kiasi gani. Anayelijua ni mtu, kwa hiyo mtambo usijitwike kazi ya kutoa hukumu. Kazi yake ni kumkumbusha mtu atumie anachokijua kabla hajabonyeza. Ongeza lebo ya tatu, HAIJULIKANI BILA MUKTADHA, na wapachike upya. Kundi linaloilazimisha lebo hiyo irudi kuwa utapeli ili kappa ipande, mimi nalipunguzia alama.

Modeli sasa inaruhusiwa. Anza na rahisi: vipande vya herufi tatu hadi tano, uzito wa TF-IDF (kipande kinachotokea kwenye meseji nyingi hupewa uzito mdogo), na rigreshoni ya lojistiki, inayojumlisha uzito na kutoa uwezekano. Kwa nini herufi na si maneno? Kwa sababu kitenzi cha Kiswahili hubeba sentensi nzima mgongoni. Nitumie, umtumie, itume, nimekutumia, ikitumwa: kwa anayehesabu maneno hivyo ni vitu vitano visivyojuana, ila "tum" imo ndani ya vyote. Na meseji zina tahajia zake: "iyo ela 2ma kweny no hii". Herufi zinavumilia hayo. Baadaye linganisha na modeli kubwa iliyofundishwa lugha za Afrika, kama AfroXLMR. Huenda ikashinda, lakini uliza imeshinda kwa kiasi gani na itakaa wapi. Vipande 50,000 vyenye uzito wa baiti nne kila kimoja ni kilobaiti 200, vinaingia kwenye simu yoyote janja. Modeli kubwa kama AfroXLMR inazidi gigabaiti moja, na kama haiingii kwenye simu basi meseji za watu zitapelekwa kwenye seva ya mtu. Ili kumlinda mama na tapeli, umeanza kusoma barua zake.

Sasa ile asilimia 99 inatoka wapi? Mara nyingi inatoka kwenye uvujaji, yaani modeli kuonjeshwa jibu ambalo kazini haitakuwa nalo, na uvujaji una sura nyingi. Matapeli hutumia kiolezo kimoja wakibadili namba tu. Ukigawa data ovyo, 80 kwa 20, nakala za kiolezo kimoja zinaangukia pande zote mbili na mtihani unakuwa marudio. Dawa yake ni kukusanya zinazofanana katika makundi kwanza (kufanana kwa Jaccard, yaani vipande vya herufi ambavyo meseji mbili zinashiriki ukigawa kwa vyote vya zote mbili, kuanzia 0.8 kunatosha kuanzia), kisha kugawa kwa kundi. Bora zaidi, gawa kwa tarehe: funza kwa za mpaka Juni, pima kwa za kuanzia Julai, maana ndivyo itakavyokuwa kazini. Sura nyingine: meseji za utapeli zimetolewa kwenye picha za skrini kwa programu ya kusoma maandishi, na za halali zimenakiliwa moja kwa moja. Modeli inajifunza makosa ya programu ile, 0 iliyosomwa kama O, na inapata alama za juu bila kujua utapeli ni nini.

Ninayoipenda zaidi ni ya pesa na hela. Ukiokota meseji za utapeli Kenya na za halali Tanzania, modeli itagundua kwamba "pesa" na "hii namba" ni dalili mbaya, na "hela" na "namba hii" ni dalili njema. Umetengeneza mtambo wa kutambua Wakenya. Ndiyo maana ripoti isitoe namba moja ya jumla. Itoe kiwango cha kengele za uongo kwa kila kundi la wasemaji, Nairobi na Sheng yake, Mombasa, Dar, na Kiswahili cha Kongo kama data ipo. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionyesha ubaya wa namba moja kwenye programu za kutambua jinsia kwa sura: kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi lilifika 34.7. Wastani ungeficha yote.

Tuseme modeli ni safi, imepona uvujaji wote, inakamata asilimia 95 za utapeli na inakosea asilimia 1 tu za halali. Ni nzuri? Chukua meseji 10,000 zenye utapeli 20 ndani yake. Itakamata 19. Kwenye zile 9,980 za halali italia mara 100 hivi. Jumla kengele 119, za kweli 19, yaani moja kati ya sita. Stefan Axelsson aliieleza hesabu hii mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa mifumo ya kugundua wavamizi wa mitandao, na kila kizazi cha wanafunzi huishangaa upya. Ili angalau nusu ya kengele ziwe za kweli, kosa kwa meseji za halali lishuke hadi karibu asilimia 0.19. Vinginevyo mtumiaji atafanya ambacho mtu yeyote mwenye akili hufanya na mbwa anayebwekea kila mpita njia.

Na kengele yenyewe italia wapi? Hili huwakuta wanafunzi wameshajenga programu nzuri ya Android, wakati wengi wanaolizwa wana kiswaswadu, kile Wakenya wanachokiita mulika mwizi. Hakuna cha kusakinisha pale. Onyo linaweza kukaa kwenye menyu ya USSD tu, ile ya nyota na reli, yenye herufi 182 kwa ukurasa, mbele ya mtu anayeharakishwa na kikao kitakachokatika. Rasimu ya kwanza ya kila kundi hufanana: "Tahadhari! Muamala huu unaweza kuwa wa kilaghai. Endelea?" Ina kasoro tatu. Inatisha bila kusema kinachotisha, haimpi mtu la kufanya, na jibu la haraka kuliko yote ni ndiyo. Linganisha na hii:

"Hujawahi kutuma hela kwa namba hii. Aliyekuomba umeshampigia kwa namba unayoijua siku zote? 1. Nimempigia, endelea 2. Bado, sitisha"

Ni herufi 131 pamoja na nafasi. Zinabaki 51 za jina la mpokeaji na kiasi. Inasema jambo moja la kweli ambalo mtandao unalijua, inamuuliza mtu jambo ambalo ni yeye tu analijua, na inamlazimu achague. Kulazimu ni muhimu. Serge Egelman, Lorrie Cranor na Jason Hong, katika jaribio la watu 60 mwaka 2008, waliona kwamba maonyo yanayomkatiza mtu mpaka achague yaliheshimiwa na asilimia 79, wakati yale yasiyomzuia yaliambulia 13.

Angalia kitu kingine katika onyo hilo: halikusoma meseji yoyote. Linajua tu kwamba namba ni mpya kwako. Kwa peke yake litapiga kelele mno, kwani kila siku mtu hulipa bodaboda na muuza nyanya asiowajua, kwa hiyo lazima liunganishwe na mengine: kiasi kinachozidi kawaida yako, mpokeaji asiye wakala wala mfanyabiashara. Hata hivyo mwanafunzi anayefika wiki ya kumi na kusema "modeli yangu ya maandishi haihitajiki hapa" amelielewa somo kuliko aliyeipandisha kutoka 97 hadi 98.

Kupima na watu kuna mitego yake. Ukimwonyesha mtu meseji na kumuuliza "je, huu ni utapeli?", umeshampa jibu. Mpe kazi badala yake: wewe unadaiwa kodi 150,000, hii hapa simu ya majaribio yenye meseji kumi na mbili, shughulikia siku yako. Mbili kati yake ni za kitapeli. Pesa ni za mchezo. Hesabu meseji zilizomnasa, na pia hesabu meseji za halali alizozikataa, maana onyo linalowafanya watu wasilipe kodi ya kweli nalo limefeli. Watu 15 wakifikiri kwa sauti mbele yako watakuonyesha karibu kila neno linalochanganya. Mwaka 1999 Alma Whitten na Doug Tygar walihitaji watu 12 tu kuonyesha kwamba PGP 5.0, programu ya kusimba barua pepe, ilikuwa ngumu: walipewa dakika 90, na theluthi moja tu ndio waliofaulu kusaini na kusimba barua pepe. Lakini 15 hawawezi kukuambia onyo lipi ni bora. Kugundua tofauti ya asilimia 50 dhidi ya 30, kwa nguvu ya takwimu ya 0.8 (uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona tofauti hiyo kama ipo), unahitaji watu 93 kwa kila kundi. Muhula hauna watu hao, kwa hiyo ripoti isijifanye inao.

Wapo watakaotaka kutuma meseji za utapeli wa majaribio kwa watu wasiojua, "ili iwe halisi". Chuo Kikuu cha Indiana kilifanya hivyo mwaka 2005 kwa barua pepe zilizojifanya zimetoka kwa marafiki wa wanafunzi. Asilimia 72 walinaswa, dhidi ya 16 pale mtumaji alipokuwa mgeni. Matokeo hayo yanatajwa hadi leo, na hasira za walionaswa pia, ingawa kamati ya maadili ilikuwa imeridhia. Kwa mradi wa darasa, tena unaogusa simu ambayo ndiyo benki ya mtu, mimi nasema hapana.

Mahojiano na waliowahi kulizwa yanahitaji ulimi laini. Usiulize "kwa nini ulituma?" Kwa Kiswahili swali hilo ni karipio, na mhojiwa atajibu kama mtoto aliyevunja sahani. Uliza "walianzaje?" na ukae kimya. Ukisikia kisa kinachomhusu "jirani yangu" kwa undani wa kushangaza, kiandike kama cha jirani na usichimbe. Aibu hii ndiyo pia inayochafua data. Tanzania kuna namba 15040 ya kuripoti utapeli, Kenya wateja wa Safaricom hutuma 333, lakini anayeripoti zaidi ni aliyeshtuka mapema, na utapeli uliofanikiwa vizuri ndio usiofika huko. Modeli inayofunzwa kwa ripoti inafunzwa kwa matapeli wasiojua kazi.

Zoezi la mwisho ni kushambuliana. Kundi moja linaandika upya meseji ili ipite modeli ya kundi jingine, kwa sharti kwamba msomaji wa tatu bado aielewe. Wataanza kwa kubadili o kuwa 0, na usafishaji wa maandishi utawakamata. Kisha mmoja atagundua kwamba modeli hujumlisha uzito tu, kwa hiyo akiongeza mwishoni "shikamoo mama, tumefika salama, watoto wazima, poleni na mvua", maneno mema yanazamisha mabaya. Daniel Lowd na Christopher Meek waliliandika shambulio hili mwaka 2005 kwa barua taka. Kuliona likipita kwa salamu za nyumbani kunaingia akilini zaidi.

Kabla ya kukabidhi modeli, fungua faili la msamiati wake na ulisome. Usitegemee kwamba meseji zimefutwa. Vipande vya herufi tano vinatosha kubeba "neema" nzima, au tarakimu za mwanzo za namba iliyoponyoka mchujo. Tafuta vyote vyenye tarakimu na uvitoe, weka sharti kwamba kipande kisiingie mpaka kitokee kwenye simu za watu watano tofauti, kisha funza tena. Usahihi utashuka kidogo. Andika umeshuka kiasi gani.